Giza Tayari Unalo: Darubini Ipi ya Kutazamia Kometi Inafaa Navakholo?

Mkazi wa Nairobi anayetaka kuona kometi, ile nyota yenye mkia, hulipa mara mbili: bei ya darubini, kisha nauli ya kuzikimbia taa za jiji. Aliye Navakholo, Kakamega, hasa upande wa Nambacha au Ingotse ambako miwa imezingira maboma, hulipa mara moja tu. Kinachoonekana cha kometi ni wingu la gesi na vumbi, na mwanga wake umetawanyika. Anga ikiwa kijivu kwa taa, wingu hilo humezwa, na hata kioo kikubwa hakiliokoi kwa sababu kinakusanya mwanga wa taa pia. Penye giza la kweli, kioo cha wastani kinatosha. Kwa hiyo usikimbilie kikubwa.

Msimu wenyewe

Miezi ya Desemba hadi Februari, Wazungu wakihangaika na theluji, kwetu ni kiangazi na anga hufunguka. Adui zetu ni moshi wa mashamba yanayochomwa, umande, na mawingu ya jioni. Mvua ya Kakamega hupenda alasiri, kwa hiyo saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri mara nyingi huwa safi kuliko saa mbili usiku. Isitoshe, Navakholo iko karibu kabisa na ikweta, na kometi za kaskazini na za kusini zote hutupitia. Shida ni kwamba hazitoi notisi ndefu: kometi ya Lemmon iligunduliwa Januari 2025, na kufikia Oktoba mwaka huohuo ilikuwa imeng'aa. Ukisubiri habari ndipo uagize kifaa, huenda kikafika mgeni ameshaondoka.

Chaguo na gharama

*Macho na simu: bure.* Tsuchinshan–ATLAS ya Oktoba 2024 ilionekana kwa macho matupu upande wa magharibi baada ya jua kutua. Simu yenye uwezo wa kupiga picha usiku, ikiegemezwa kwenye jiwe, hunasa mkia wa kometi ya namna hiyo. Lakini kometi kama hizo ni chache. Nyingi huhitaji msaada wa kioo.

*Darubini ndogo za macho mawili zilizoandikwa "30x60": chini ya shilingi 3,000.* Achana nazo. Namba ya kwanza inapaswa kuwa ukuzaji, ya pili upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Weka rula kwenye kioo hicho, na mara nyingi utakuta takriban milimita 30, si 60.

*7x50.* Celestron Cometron huuzwa Marekani kwa takribani dola 40, yaani kama shilingi 5,200, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Haitikisiki sana mkononi na huonyesha eneo pana la anga. Inawafaa zaidi vijana, kwa sababu mboni zao hufunguka hadi kama milimita 7 gizani.

*10x50.* Zilizo nzuri, kama Nikon Aculon, hupita dola 100, takribani shilingi 13,000 kabla ya gharama hizo. Aliyevuka miaka 50, ambaye mboni yake haifunguki sana, hapotezi mwanga hapa. Ina uzito wa karibu kilo moja, na mikono huanza kulalamika mapema.

*8x42.* Hukusanya mwanga kidogo kuliko 10x50, lakini ni nyepesi. Ukiongoza wageni watazama ndege katika Msitu wa Kakamega, chukua hii: mchana itakulipa, usiku itakuburudisha.

*15x70.* Bei ya Celestron SkyMaster inakaribia ile ya 10x50, na hapo ndipo wengi hunaswa. Ina uzito wa kama kilo moja na nusu, na bila stendi nyota zinacheza tu. Bei ya stendi imara ihesabu kabisa.

*Teleskopu.* Iliyo nzuri huanzia bei ya juu zaidi na huonyesha kipande chembamba cha anga, ilhali mkia wa kometi unataka uwanja mpana.

Kabla ya kutoa pesa

Shika darubini mbali na uso, uielekeze penye mwanga. Kwenye vioo vya kuchungulia utaona viduara viwili vya mwanga. Kwa 10x50, kila kiduara kiwe na upana wa milimita 5. Kikiwa 3, kioo kimebanwa ndani na namba za boksi ni porojo. Kisha tazama nguzo ya stima iliyo mbali. Ukiona mbili, au kichwa kikianza kugonga, irudishe. Ikiwa ya mtumba, mulika ndani kwa tochi: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hung'ang'ania kioo.

Kuvu hiyohiyo itaifuata hata mpya katika unyevu wa kwetu. Usiifungie kwenye mfuko ikiwa na umande. Iache ikauke, kisha ihifadhi kwenye mkebe usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyopatikana kwenye boksi za viatu. Mikono nayo haihitaji stendi ya dukani. Fundi seremala anaweza kukutengenezea mti wenye kibao juu cha kuegemeza darubini, nawe ukakaa kwenye kiti cha plastiki.

Uamuzi

Mwenye shilingi 20,000 anunue 10x50 na abakize ya fundi na mkebe. Mwenye nusu ya hapo achukue 7x50. Mwenye 3,000 azihifadhi na aendelee na macho yake, au achange na wenzake kwenye chama, kwa kuwa darubini moja hutosha boma zima. Kometi zisipokuja, kuna kundi la nyota la Kilimia na miezi ya sayari ya Mshtarii. Onyo ni moja: kometi nyingi hung'aa zikiwa karibu na jua, basi usiinue darubini hadi jua lizame lote, na alfajiri iteremshe kabla halijachomoza.