Namna Damu Inavyotunza Kumbukumbu ya Mionzi ya Tiba

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa wa saratani anayepatiwa tiba ya mionzi hulala juu ya kitanda cha mashine kwa dakika chache tu. Hasikii maumivu wala joto, kisha huinuka na kurejea wodini au nyumbani. Hurudia zoezi hilo siku tano kwa wiki, na kwa utaratibu uliozoeleka kila siku hupewa dozi ya takribani grei 2. Baada ya wiki kadhaa damu yake inapopimwa, majibu huonesha kuwa chembe nyeupe zimepungua. Hapo ndipo wagonjwa wengi, pamoja na ndugu wanaowauguza, huingiwa na hofu na kuuliza iwapo tiba hiyo inaponya au inaangamiza.

Swali hilo ni la haki, na wanasayansi wamelifanyia kazi kwa zaidi ya nusu karne. Mashine ya tiba husema imetoa dozi kiasi gani, lakini mwili nao una ushahidi wake, na ushahidi ulio rahisi kuufikia umo ndani ya damu.

Grei ni kipimo cha nishati ambayo mionzi huiacha mwilini: grei 1 ni jouli 1 kwa kila kilo. Kwa hesabu ya nishati peke yake, kiasi hicho ni kidogo mno. Mtu wa kilo 70 akipigwa mwili mzima na grei 4 kwa mara moja, dozi inayoweza kumuua asipopata matibabu, nishati yote anayoipokea haizidi joto linaloingia mwilini kwa kijiko kidogo kimoja cha chai ya moto. Hivyo basi, kipimajoto hakiwezi kuueleza uharibifu wa mionzi. Madhara hayatokani na wingi wa nishati bali na mahali inapotua, yaani kwenye nyuzi za vinasaba zilizomo ndani ya kiini cha seli. Grei 1 hukata nyuzi zote mbili za vinasaba katika sehemu zipatazo 40 ndani ya seli moja. Nyingi ya sehemu hizo seli huziunga yenyewe katika saa chache zinazofuata. Tatizo ni zile chache zinazoungwa vibaya.

Chembe nyekundu za damu hazifai kwa uchunguzi huu kwa sababu zikikomaa hazina kiini. Shahidi anayetegemewa ni aina mojawapo ya chembe nyeupe iitwayo limfosaiti. Chembe hii huzunguka mwili mzima, ikipita kwenye mishipa, tezi na bandama, na muda mwingi huwa imepumzika bila kugawanyika. Kwa hiyo jeraha lililoingia kwenye kromosomu zake hubaki humo likisubiri kusomwa. Aidha, limfosaiti ni miongoni mwa seli zinazodhurika upesi zaidi na mionzi. Seli nyingi za mwili hufa pale zinapojaribu kugawanyika, lakini limfosaiti nyingi hufa bila hata kufikia hatua hiyo. Hii ndiyo sababu idadi yake hushuka mapema kwa mgonjwa aliye kwenye tiba, na ndiyo sababu daktari huagiza kipimo cha picha nzima ya damu mara kwa mara. Kushuka huko peke yake si dalili kwamba tiba imekosewa.

Ili kromosomu zionekane kwa darubini, lazima seli iliyolala iamshwe na kuanza kugawanyika. Ufumbuzi wa jambo hilo ulipatikana katika maharage. Mwaka 1960 mtafiti Peter Nowell wa Philadelphia, Marekani, alibaini kuwa fitohemaglutinini, protini inayotolewa kwenye maharage mekundu na ambayo hadi wakati huo maabara ziliitumia kutenganisha chembe nyekundu tu, ina uwezo wa kuziamsha limfosaiti zigawanyike ndani ya chupa. Hadi leo hatua ya kwanza ya kipimo ni hiyohiyo. Damu ya mgonjwa huchanganywa na protini hiyo pamoja na virutubisho, huhifadhiwa katika nyuzijoto 37 kwa takribani saa 48, kisha huongezwa dawa inayosimamisha mgawanyiko pale ambapo kromosomu zimejikunja na kuonekana wazi. Seli huvimbishwa kwa maji yenye chumvi hafifu ili kromosomu zisambae, hudondoshwa juu ya kioo na kupakwa rangi ya Giemsa, ileile ambayo mafundi sanifu wa maabara nchini huitumia kila siku kutafutia vimelea vya malaria.

Kinachotafutwa ni kromosomu yenye viuno viwili. Kromosomu ya kawaida ina sehemu moja iliyobonyea, yaani kiuno kinachoishikilia wakati seli inapogawanyika. Mionzi ikikata kromosomu mbili zilizo jirani, ncha zilizokatika zinaweza kuunganishwa kimakosa, na matokeo yake ni kromosomu moja yenye viuno viwili pamoja na kipande kisicho na kiuno. Kwa mtu ambaye hajapigwa na mionzi, kasoro hii ni adimu: hupatikana takribani moja katika seli 1,000. Kwa sababu hiyo mchunguzi hulazimika kukagua mamia ya seli, mara nyingi 500 hadi 1,000, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya macho na subira, ingawa siku hizi kompyuta husaidia kuzitafuta seli zinazofaa kusomwa.

Idadi ya kasoro hugeuzwa kuwa dozi kwa kutumia mchoro wa marejeo. Maabara huchukua damu ya watu wenye afya njema, huipiga mionzi ndani ya vichupa kwa dozi zinazofahamika, kisha huhesabu kasoro zilizotokea. Dozi ya grei 1 ya mionzi ya gamma iliyotolewa kwa haraka huleta kasoro zinazokaribia 7 hadi 10 katika kila seli 100. Dozi ikiongezwa hadi grei 2, kasoro haziongezeki mara mbili tu, bali hufikia mara tatu au zaidi. Sababu ni kwamba kasoro hii huhitaji mikato miwili iliyo karibu, kwa mahali na kwa wakati, na dozi inapopanda mikato kukutana huwa rahisi zaidi. Kanuni hiyo pia hueleza kwa nini tiba ya mionzi hugawanywa katika siku nyingi: baina ya dozi moja na nyingine, seli zenye afya hupata muda wa kuunga mikato yake kabla haijakutana na mipya.

Kwa mgonjwa wa saratani, hata hivyo, hesabu huwa ngumu. Mionzi yake huelekezwa sehemu moja ya mwili, kama nyonga au kifua, na damu hupita hapo ikienda zake. Sampuli moja huwa na seli zilizopigwa sana zikiwa zimechanganyika na seli ambazo hazikuguswa, na wastani wake unaweza kumpotosha msomaji asiye makini. Wataalamu huangalia namna kasoro zilivyotawanyika. Iwapo seli chache zimebeba kasoro mbilimbili au tatutatu huku nyingi zikiwa safi, basi ni sehemu tu ya mwili iliyopigwa, na hesabu maalumu hutumika kukadiria dozi ya sehemu hiyo.

Vipo vipimo vingine vyenye kasi zaidi. Kimojawapo hutumia protini iitwayo H2AX, ambayo hujikusanya penye mkato na kuonekana kama nukta zinazong'aa dakika chache tu baada ya mionzi. Lakini nukta nyingi huwa zimetoweka ndani ya siku moja, hivyo sampuli iliyochelewa haina la kueleza.

Thamani ya vipimo hivi huonekana zaidi pale mambo yanapoharibika. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, kichwa cha mashine ya tiba kilichoachwa katika jengo lililohamwa kilivunjwa na watu waliotafuta chuma chakavu. Unga wa cesium-137 uliokuwa ndani ukasambaa mitaani, na watu wanne wakapoteza maisha. Hakuna aliyekuwa amevaa kipimo cha mionzi. Wanasayansi wa Brazil walichukua damu ya walioathirika, wakahesabu kromosomu zenye viuno viwili, na kwa njia hiyo wakakadiria nani alipata dozi ya kuhatarisha maisha na nani angeweza kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Hapa nchini, matumizi ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) yenye makao makuu jijini Arusha, na watumishi wa vitengo vya mionzi hutakiwa kuvaa beji inayorekodi dozi wanayopokea. Wakati mwingine beji husoma dozi kubwa kwa sababu tu koti lililoibeba lilisahaulika ndani ya chumba cha tiba mashine ikiwa inafanya kazi. Mtumishi wa namna hiyo anaweza kutolewa damu mililita chache, na baada ya siku kadhaa maabara ikaeleza iwapo mionzi iliyorekodiwa na beji ilimpata yeye mwenyewe au ililipata koti lake.