Barabara Tupu Pichani, na Hesabu Yake

Picha za Acacia Avenue ya Dar es Salaam za miaka ya 1950 hazichoki kuzunguka kwenye simu zetu. Barabara hiyo baadaye ikaitwa Independence Avenue, na leo ni Samora. Magari machache yameegeshwa pembeni, miti imejipanga, baiskeli inapita taratibu, na Sanamu ya Askari imesimama katikati ya njia panda. Maneno yanayoambatana nazo hayabadiliki: tulikuwa na mji, tukauharibu. Naupenda mji huu, na lawama hiyo hunichoma kila ninapoisoma, kwa sababu hutolewa bila kupiga hesabu.

Tuanze na watu. Sensa ya 1948 ilikuta mjini watu takriban 69,000. Mwaka 1967, eneo lote ambalo leo ni Mkoa wa Dar es Salaam lilikuwa na watu 356,286. Mwaka 1978 wakawa 843,090, na sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo ni mara 15 ya idadi ya 1967, katika miaka 55. Katika muda huohuo Tanzania nzima iliongezeka mara 5 tu, kutoka milioni 12.3 hadi milioni 61.7. Kwa hiyo mwaka 1967, katika kila Watanzania 100, watatu waliishi Dar es Salaam. Leo ni karibu tisa.

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 mkoa uliongeza watu 1,019,187. Gawanya kwa miaka kumi, unapata kama 102,000 kwa mwaka, au 279 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mji mzima wa 1948, pamoja na Wazungu wake wa Oyster Bay, maduka yake ya Uhindini na nyumba zake za Kariakoo, unaongezeka juu ya tuliopo kila baada ya miezi minane.

Ardhi haikuongezeka. Mkoa una kilomita za mraba 1,393. Mwaka 1967 kila mkazi angegawiwa mita za mraba 3,900, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Leo angepata 259, na humo zimo barabara, mabonde, makaburi, bandari, uwanja wa ndege na mashamba ya Kigamboni.

Anayetaka kulinganisha picha ya zamani na ya leo anahitaji kitu ambacho hakijahama, na katikati ya mji kitu hicho ni Askari. Sanamu hiyo ya shaba ilizinduliwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Simama mahali aliposimama mpigapicha, rudi nyuma au sogea mpaka Askari awe na kimo kilekile kwenye fremu, kisha tazama kilichobadilika nyuma yake. Zamani majengo ya ghorofa mbili au tatu yalitosha kujaza picha. Siku hizi mjini kuna minara pacha iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF, yenye ghorofa 35, na jengo la Mamlaka ya Bandari lenye ghorofa 40. Kisichobadilika ni upana wa barabara, maana majengo ya pande zote mbili yameushika. Ukingo wa kilomita moja, ukiutengea kila gari mita sita, unaegesha magari kama 160. Ilikuwa hivyo mwaka 1955 na ni hivyo leo, hata ghorofa zilizo juu yake ziwe 40. Ndiyo maana hesabu ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, ina mantiki: basi la mita 18 hubeba watu wapatao 140, na katika urefu huohuo wa lami yanaingia magari madogo matatu au manne, mengi yakiwa na dereva peke yake.

Lakini picha za zamani, za miaka ya 1950 na za kabla yake, zilipigwa na nani, na kwa gharama gani? Walther Dobbertin, mpigapicha wa Kijerumani aliyefanya kazi hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliacha hazina kubwa ambayo leo iko wazi intanetini kupitia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ujerumani. Hata baadaye, mkanda wa milimita 35 ulipokuwa umeenea, ulikuwa na picha 36 tu, na ukiumaliza unalipia kuusafisha, halafu unalipia kila nakala. Mtu mwenye picha 36 hazimalizii kwenye ua wa nyumba ya kupanga Ilala. Anapiga kanisa, bandari, hoteli, barabara yenye miti. Tulichorithi kwa wingi ni picha za Uzunguni na Uhindini, wakati wakazi wengi wa mji walikuwa Uswahilini, upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja. Uwanja ule uliachwa wazi kwa makusudi, ili kuzitenga pande hizo mbili.

Utulivu unaoonekana pichani ulikuwa pia na walinzi wake. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwakamata vijana wasio na kazi mjini na kuwarudisha vijijini kwao, na kamatakamata hizo zilirudiwa tena na tena. Baada ya uhuru sisi wenyewe tukafanya vivyo hivyo, mwaka 1983, kwa Operesheni Nguvu Kazi. Ninapoona barabara tupu ya zamani nawakumbuka waliosombwa ili ibaki tupu. Anayeisifu picha hiyo leo hajui kama babu yake mwenyewe hakuwa mmoja wao.

Twende Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi uwani. Baraza mbele, jiko na choo nyuma, bati au makuti juu. Ukiweka watu wanne kila chumba, unapata watu 24 kwenye kiwanja kimoja. Siku hizi pale pale panasimama ghorofa kumi. Chini ni fremu za maduka, juu ni stoo, ofisi na vyumba vya kuishi, na mlangoni kuna kijana anayesubiri mzigo na mkokoteni wake. Tuseme kiwanja kina mita za mraba 300 na jengo linachukua 250 kila ghorofa: zimepatikana mita 2,500 za sakafu mahali palipokuwa na ukumbi mmoja na vyumba sita. Na kila anayezitumia anakunywa, ananawa na anaingia chooni.

Maji ya mji hutoka zaidi Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini, baada ya kupanuliwa, una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu milioni 196. Jumla ni milioni 466. Wagawie wakazi wa mkoa kwa sensa ya 2022, na kila mmoja anapata lita 87, yaani ndoo nne za lita 20 na kidogo juu. Hapo hatujatoa yanayovuja njiani, ya viwanda na hoteli, wala ya Kibaha na Bagamoyo wanaochota humohumo. Mwaka 2022 ukame ulipoupunguza mto, mgao ulifika hadi mitaa iliyokuwa imezoea kuuona kwa wengine.

Ukiitazama tena picha ya zamani utaona kwamba wengi wanatembea. Kutoka Kariakoo hadi Posta ni kama kilomita mbili, nusu saa kwa miguu, nauli sifuri. Umbali ndio ulioleta gharama. Daladala ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1983, nauli ilikuwa shilingi 5. Kuanzia Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita kumi ikawa shilingi 600. Kwa nauli hiyo, mfanyakazi aliyepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi alilipa 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 62,400. Kima cha chini cha mshahara wa biashara na viwanda kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwaka 2024 zaidi ya shilingi 40 katika kila 100 za mtu huyo ziliishia kwa kondakta. Hakuna mchoro wa ghorofa wala mti wa Samora unaonieleza mabadiliko ya mji huu vizuri kuliko hesabu hiyo. Babu alikuwa na chumba kimoja Kariakoo na miguu yake. Mjukuu ana chumba Chanika, na mwaka 2024 zaidi ya asilimia 40 ya mshahara iliishia barabarani.

Na wengi wameshavuka hata mpaka wa mkoa. Kati ya 2012 na 2022 Dar es Salaam ilikua kwa asilimia 2.1 tu kwa mwaka, na baadhi ya watu wakadhani mji umepumua. Tazama jirani: Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyohiyo, ongezeko la asilimia 84. Baadhi ya hao wako Mapinga, Kibaha na Vikindu, wanaamka alfajiri kuja mjini na kurudi usiku. Mwenye kamera anayetaka kuwaachia wajukuu picha ya Dar es Salaam ya leo aende huko saa kumi na moja asubuhi, vituoni, na nyuma ya kila picha aandike tarehe, jina la mtaa na nauli ya siku hiyo.