Siri Inayotengenezwa na Umati

Tarehe 9 Agosti 2022, Vitalik Buterin, kijana aliyebuni mtandao wa Ethereum, alijitaja hadharani. Aliandika kwamba alikuwa ameichangia Ukraine kwa sarafu za kidijitali, na kwamba kabla ya kuutuma mchango huo aliupitisha kwenye Tornado Cash, programu inayokata nyayo za pesa. Nia yake, alieleza, ilikuwa kuwalinda wapokeaji na wala si kujificha yeye. Siku moja kabla, Wizara ya Fedha ya Marekani ilikuwa imeiingiza programu hiyohiyo kwenye orodha yake ya vikwazo.

Kwa nini mtu aliyeujenga mtandao alazimike kutafuta pa kujisitiri ndani yake? Jibu liko kwenye daftari. Bitcoin, iliyoanza kazi Januari 2009, na Ethereum, iliyofuata Julai 2015, hazina benki katikati. Nafasi ya karani imechukuliwa na daftari moja ambalo nakala zake zimetapakaa kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na kila malipo huandikwa humo: anwani iliyotuma, anwani iliyopokea, kiasi na saa. Majina hayamo, ni kweli. Anwani ya Ethereum ni mfululizo wa herufi na tarakimu 42 unaoanza na 0x. Lakini daftari hilo halifutiki, na yeyote mwenye intaneti hulisoma bure.

Mtumiaji wa M-Pesa anajua kwamba kampuni ya simu inaiona miamala yake. Jirani yake haioni. Kwenye Ethereum hakuna kampuni inayoshika daftari, ila jirani, mwajiri, mshindani wa biashara na mwizi wote wanaweza kulifungua. Mlipe fundi mara moja tu kwa anwani yako, na kuanzia hapo fundi huyo anaweza kuona salio lako, watu uliowalipa kabla yake, na utakaowalipa mwakani. Yapo makampuni, kama Chainalysis ya Marekani, yaliyokua kwa kazi hiyo ya kufuata anwani hatua kwa hatua hadi jina lipatikane. Mfanyakazi anayelipwa mshahara kwa njia hii amebandika hati yake ya mshahara ukutani. Kudai faragha katika hali hiyo ni haki ya kawaida, sawa na kudai bahasha ya barua ifungwe.

Mfuko wa faragha umebuniwa ili kukata uzi unaounganisha anayetuma na anayepokea. Watu wengi huweka sarafu zao mahali pamoja. Baadaye kila mmoja hutoa kiasi chake kwa anwani mpya, na anayetazama nje hawezi kusema aliyetoa sasa ni yupi kati ya wote walioweka. Ugumu uko kwa mlinzi wa mfuko. Nani atahakikisha kwamba anayetoa aliweka kweli, na kwamba harudi kutoa mara ya pili, bila kumuuliza jina? Huduma za mwanzo za kuchanganya bitcoin zilimweka binadamu mahali hapo, na binadamu anaweza kutoroka na pesa za watu, au kutunza kumbukumbu na kuziuza. Tornado Cash, iliyoanza mwaka 2019 kwa kazi ya Roman Storm, Roman Semenov na Alexey Pertsev, ilimwondoa mlinzi na kuweka hesabu mahali pake.

Na hesabu yenyewe ni ya kustaajabisha.

Kazi huanzia kwenye kompyuta ya mwekaji mwenyewe. Programu huchagua namba mbili kubwa sana kwa bahati nasibu: ya kwanza ni siri, ya pili ni namba ya kubatilisha. Zote mbili hupitishwa pamoja kwenye kanuni ya hashi, ambayo huzisaga na kutoa namba moja mpya. Njia hiyo ni ya kwenda tu. Hakuna anayejua namna ya kurudi kutoka kwenye namba mpya hadi zile mbili. Namba hiyo mpya ndiyo stakabadhi inayopelekwa kwenye mfuko pamoja na pesa, na kila mtu anaiona. Zile mbili za mwanzo hubaki kwa mwekaji. Akizipoteza, pesa zimekwenda, maana hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko wala nywila ya kubadilisha.

Stakabadhi zote hupangwa katika mti wa Merkle, mpangilio alioubuni Mmarekani Ralph Merkle mwaka 1979. Kila stakabadhi ni jani. Majani husagwa mawili mawili kwa hashi, matokeo nayo husagwa mawili mawili, ngazi kwa ngazi, mpaka ibaki namba moja inayoitwa mzizi. Mti wa Tornado Cash una ngazi 20, kwa hiyo hubeba stakabadhi 1,048,576. Faida yake ni kwamba kuonyesha jani fulani limo kwenye mti hakuhitaji kupekua majani milioni moja. Namba 20 zinatosha kutoka jani hadi mzizi.

Lakini mtu akilionyesha jani lake, si amekwisha kujitaja? Hapa ndipo linapoingia wazo lililotolewa mwaka 1985 na Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff. Watatu hao walionyesha kwamba inawezekana kumthibitishia mtu kuwa jambo ni kweli bila kumpa habari nyingine yoyote zaidi ya ukweli huo. Goldwasser na Micali walipata Tuzo ya Turing ya mwaka 2012 kwa mchango wao katika elimu ya usimbaji wa siri, ingawa kwa miaka mingi wazo lenyewe liliishi zaidi kwenye karatasi za vyuo vikuu. Lilipata kazi ya pesa Oktoba 2016, sarafu ya Zcash ilipozinduliwa. Mwaka huohuo Jens Groth alibuni namna ya kuubana uthibitisho wa aina hii, hata uwe mrefu kiasi gani, ukaingia kwenye namba chache zinazochukua baiti 256 tu kwenye Ethereum.

Basi anayetoa pesa hupeleka uthibitisho unaosema mambo matatu kwa pamoja: ninazijua namba mbili za siri, stakabadhi iliyotokana nazo imo kwenye mti wenye mzizi huu, na hashi hii ninayoionyesha imetokana na namba yangu ya kubatilisha. Programu ya mfuko hukagua, huilipa anwani mpya, kisha huitunza ile hashi. Hashi hiyo ikirudi tena, malipo hukataliwa. Mfuko umejua kwamba stakabadhi fulani imetumika, na haujui ni ipi.

Kuna kikwazo kidogo kilichowatega wengi. Anwani mpya haina kitu, na kila muamala wa Ethereum hulipiwa ada. Ukiiwekea ada kutoka anwani yako ya zamani, uzi umeunganika upya mbele ya macho ya wote. Kwa hiyo yupo tarishi, anayepeleka ombi la kutoa kwa niaba yako, analipa ada na kukata ujira wake humohumo. Hawezi kuelekeza pesa kwake, kwa sababu anwani ya kupokea imefungwa ndani ya uthibitisho.

Mfumo huu pia ulihitaji namba za kuanzishia ambazo mtengenezaji wake angeweza kuzitumia kughushi uthibitisho na kukomba mfuko wote. Dawa ilikuwa kuzitengeneza hadharani, kila mshiriki akichanganya siri yake na kuitupa. Akiwepo mmoja tu mwaminifu, ughushi hauwezekani. Mei 2020 washiriki 1,114 walijitokeza. Baada ya hapo wabunifu walijivua uwezo wa kuubadili mfuko, na toka siku hiyo hapakuwa na mtu duniani mwenye kitufe cha kuusimamisha.

Pamoja na uhodari huo wote, hesabu peke yake haimfichi mtu. Aliyeweka peke yake akatoa peke yake ameonekana, hata uthibitisho wake uwe safi namna gani. Siri inatengenezwa na umati. Ndiyo sababu Tornado Cash ilikubali viwango maalumu tu, yaani etha (sarafu ya Ethereum) 0.1, 1, 10 au 100, kila kiwango kwa mfuko wake: aliyeweka etha 3.7182 angetambulika siku atakapotoa etha 3.7182. Na umati hauwafai wasio na subira. Utafiti wa mwaka 2020 wa Ferenc Béres wa Hungary na wenzake ulionyesha jinsi watumiaji walivyojianika wenyewe: wapo waliotoa pesa kwa anwani ileile waliyowekea, na wapo waliopanga kiwango cha ada kisicho cha kawaida, wakakirudia kwenye kuweka na kwenye kutoa.

Kila amana mpya huongeza kivuli kwa waliotangulia. Ukweli huo ndio uliokuja kuuponza mfuko.

Machi 2022 wezi walivunja Ronin, daraja la kidijitali lililobeba pesa za wachezaji wa mchezo wa Axie Infinity, wakachukua etha 173,600 na dola milioni 25.5 za sarafu ya USDC. FBI iliwataja wahusika kuwa kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Sehemu ya pesa hizo ilipitishwa Tornado Cash. Wizara ya Fedha ya Marekani ilipotangaza vikwazo tarehe 8 Agosti, ilisema zaidi ya dola bilioni 7 zilikuwa zimetakatishwa humo tangu 2019, zikiwemo dola milioni 455 za Lazarus. Hesabu ya bilioni 7 ilipingwa, kwa kuwa ilikaribia jumla ya pesa zote zilizowahi kupita, za halali na za haramu. La Lazarus ni gumu kulikwepa. Mwalimu aliyeweka etha moja ili wanafunzi wasione salio lake alikuwa amesimama kwenye umati mmoja na wezi, na kusimama kwake hapo kuliwaongezea wezi kivuli.

Sheria ilihangaika. Pertsev alikamatwa Uholanzi siku chache baada ya vikwazo, na Mei 2024 mahakama ikamhukumu kifungo cha miezi 64. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ya New Orleans iliamua kwamba programu isiyoweza kubadilishwa na mtu si mali ya mtu, hivyo wizara haikuwa na mamlaka ya kuiwekea vikwazo. Machi 2025 jina la Tornado Cash likafutwa kwenye orodha. Agosti mwaka huo baraza la wazee wa mahakama mjini New York lilimkuta Storm na hatia ya kula njama ya kuendesha biashara ya kutuma fedha bila leseni, lakini halikuafikiana kuhusu mashtaka mawili mazito zaidi, la kutakatisha fedha na la kukiuka vikwazo.

Wakati mahakama zikibishana, jibu la kiufundi lilikuwa limekwisha kuandikwa. Septemba 2023 Buterin alichapisha makala pamoja na Jacob Illum wa Chainalysis, Matthias Nadler na Fabian Schär wa Chuo Kikuu cha Basel, na Ameen Soleimani. Inafaa kutua kidogo kwenye orodha hiyo ya waandishi: mtu wa kampuni inayofuatilia pesa amekaa meza moja na watu wanaotaka kuzisitiri. Wazo lao ni kwamba anayetoa pesa athibitishe jambo moja zaidi. Kila amana ina alama yake isiyofutika, na kando ya mti wa stakabadhi zote upo mti wa pili, wa orodha ya amana zinazoaminika. Anayetoa huonyesha, bila kujitaja, kwamba amana yake imo kwenye miti yote miwili.

Mfano wao una watu watano, wanne waaminifu na mwizi mmoja anayejulikana. Wale wanne huchagua orodha isiyo na mwizi, wala hawapotezi kitu kikubwa kwa kufanya hivyo. Mwizi hawezi kuichagua, maana hesabu haitakubali. Hubaki na orodha inayomjumuisha yeye, na kwa kuitumia amejitenga na wenzake. Polisi hawajafungua siri ya mtu yeyote.

Mfuko wa kwanza wa aina hii, Privacy Pools wa kampuni ya 0xbow, ulifunguliwa kwenye Ethereum tarehe 31 Machi 2025, na Buterin alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuweka. Tofauti na Tornado Cash, mwekaji hutoa kiasi anachotaka, na chenji hubaki ndani kwa stakabadhi mpya. Etha 3.7182 si lazima itoke yote kwa mkupuo mmoja.

Swali zito ni la mwenye orodha. Wabunifu walitamani watoaji wengi wa orodha, kila mmoja na vigezo vyake. Mwanzoni aliyeishika ni 0xbow yenyewe. Anayeandika orodha ana uwezo wa kumnyima mtu kivuli kwa sababu ya nchi aliyotoka, au kwa sababu anwani yake iliwahi kupokea senti kutoka mahali pabaya, na hatari hiyo si ndogo. Lakini uwezo huo una mpaka uliochongwa ndani ya programu: amana ikikataliwa, mwekaji anaweza kuzirudisha pesa zake kwa anwani aliyowekea, hadharani. Mwenye orodha hawezi kumshikia pesa hizo.

Ipo pia shida ya saa. Wizi wa Ronin ulifanyika tarehe 23 Machi 2022 na wenye daraja waliugundua tarehe 29. Orodha ambayo ingepokea amana papo hapo ingewapitisha wezi siku hizo zote wakiwa wasafi kabisa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba wameiba. Kwa hiyo amana mpya huwekwa kando kwanza, ikaguliwe na kupewa muda, kabla ya kuingizwa kwenye mti wa pili. Mwekaji mwaminifu naye husubiri, na kila siku anayosubiri, watu wengine huweka zao nyuma yake.