Lac Vert Mbili: Moja ya Moto, Moja ya Barafu

Ukimwambia mtoto wa Goma achore mlima, atachora shimo pale juu na moshi ukitoka. Si ajabu. Tunaishi chini ya Nyiragongo, mlima uliotutembelea mwaka 1977, mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Hata Lac Vert ya karibu na Mugunga, ambako vijana wanapenda kutembea, ni shimo la volkano lililojaa maji. Ndiyo sababu wengi wanafikiri kwamba kila bakuli la mlimani lilichimbwa na moto.

Lakini katika jimbo letu hilihili la Kivu ya Kaskazini kuko Lac Vert ingine. Iko mbali sana, upande wa Beni, katika mlima Rwenzori juu ya Mutwanga, zaidi ya mita 3,500. Karibu yake kuko Lac Noir na Lac Gris. Huko volkano haikufika hata kidogo. Rwenzori ni jiwe la kale lililosukumwa juu wakati dunia ilipopasuka na kufanya bonde letu kubwa. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Mabonde ya maziwa yale yalichimbwa na barafu.

Namna gani barafu inachimba jiwe? Theluji inaanguka mahali penye kivuli, mwaka juu ya mwaka, inashindiliwa mpaka inakuwa barafu ngumu na nzito. Mchana maji yanayeyuka na kuingia katika nyufa za jiwe; usiku yanaganda na kuvimba. Munajua chupa iliyojaa maji ikisahauliwa ndani ya frigo inapasuka. Sawa vile mwamba nao unapasuka, na barafu inabeba vipande. Kiisha, kwa uzito wake, barafu inateleza polepole. Mawe yaliyoshikwa chini yake yanasugua mwamba sawa na karatasi ya msasa ya seremala. Nyuma kunabaki ukuta mrefu, katikati shimo, mbele kizingiti. Wataalamu wanaita bakuli hilo sirki. Barafu ikiyeyuka, maji yanabaki ndani, na hapo ziwa linazaliwa.

Kazi ile ilichukua maelfu ya miaka, bila kelele. Mwenye kusoma Ayubu sura ya 14 atakumbuka kwamba hata maji laini yanaweza kumaliza jiwe. Vijana wetu wanaokimbilia machimbo wakitaka mali ya siku moja, wafikiri juu ya jambo hili. Mambo mengi makubwa ya Mungu hayafanyiki kwa haraka.

Sasa, kuko habari ya huzuni. Mwaka 1906, wakati mtawala mdogo wa Abruzzi, kutoka Italia, alipopanda Margherita, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu, jumla karibu kilomita mraba 6 na nusu. Mwaka 2003 hata kilomita mraba moja haikutimia. Emin, Gessi na Luigi di Savoia zilibaki jiwe tupu mbele ya mwaka 2000. Dunia inapata joto, na barafu yetu inakwisha. Mabakuli yatabaki, lakini fundi aliyeyachimba anaondoka.

Je, mito itakauka? Tusitishane bure. Maji mengi ya Butahu na Lume, yanayoshuka mpaka Semliki na kuendelea mpaka Nile, hayatoki katika barafu. Yanatoka katika mvua, inayoshikwa na msitu na matope ya mlimani kama sponji, halafu inaachiliwa polepole. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Msitu ndio tunaweza kuuchunga. Mwenye kukata miti ya mteremko kwa ajili ya makala anapasua sponji ile, na mvua inashuka yote kwa siku moja.

Kwa sisi wa machimbo, tuangalie ngambo ya pili ya mlima huu, Uganda. Kule Kilembe walichimba shaba tangu mwaka 1956 mpaka 1982. Mashimo yalifungwa, lakini uchafu wa mgodi ulibaki kando ya mto Nyamwamba. Mwezi wa tano mwaka 2013, na tena mwezi wa tano mwaka 2020, mto ulifurika kwa mvua kubwa ukashuka na mawe. Nyumba zilibebwa, hata hospitali ya Kilembe iliharibiwa, na uchafu wa zamani ulichukuliwa na maji.

Basi, baba na mama, tuangalie pale tunapojenga. Mawe makubwa ya duara yaliyolala bondeni yanaonyesha njia ya mto, hata kama kwa miaka kumi umenyamaza. Tusirundike udongo wa machimbo juu ya nyumba za watu, wala kando ya maji wanayokunywa. Mvua ikinyesha usiku, tusiache watoto walale chini ya mteremko uliochimbwa.

Wengi wetu hatujaona Lac Vert ile ya barafu, kwa kuwa njia ya Beni imejaa hofu kwa miaka mingi. Tuombee amani ya huko. Na siku itakapokuja, watoto wetu wapande, wakanawe mikono katika maji yale baridi, na wakute msitu ungali umesimama.