Laptopu Ghali Haikupi Nafasi ya Uzamivu

Swali linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mmoja anataka kujua anunue laptopu yenye kadi ya michoro ya aina gani kabla hajaomba nafasi ya uzamivu katika fizikia ya kikokotozi ya chembe. Mwingine anasema chuo chake hakina kompyuta kuu, kwa hiyo fani hii haimhusu. Wa tatu amekwisha kukopa, mashine iko mezani, na sasa anauliza hatua inayofuata. Nyuma ya maswali yote matatu kuna imani moja: kwamba katika kazi ya kukokotoa, mwenye mashine kubwa ndiye anayepewa nafasi. Imani hiyo ni potofu, na kwa kuwa inawatoa vijana wenye akili nzuri mbioni kabla hata hawajaanza, uvumilivu wangu nayo umekwisha.

Tutazame kwanza jinsi kazi inavyofanyika. Mwanafunzi wa uzamivu anayetumia kompyuta kuu ya JUWELS iliyoko Jülich, Ujerumani, au Leonardo iliyoko Bologna, Italia, anaweza kumaliza masomo yake bila kuiona mashine hiyo kwa macho. Anafungua dirisha la maandishi kwenye laptopu ya kawaida, anaingia kwa ufunguo wake, anaandika faili fupi ya mistari kumi hivi inayosema anahitaji vichakataji vingapi, kwa saa ngapi, na programu ipi iendeshwe. Anaituma kwenye foleni, kisha anasubiri zamu yake. Kinachopita kwenye intaneti hapo ni kilobaiti chache za maandishi. Saa za mashine hupewa miradi: kundi la watafiti huandika ombi, jopo hulipima, na mwanafunzi huchota kwenye fungu la kundi lake. Kwa upande wa majaribio, data za LHC, mashine kubwa ya CERN ya kugonganisha protoni, huchakatwa kwenye mtandao wa vituo takriban 170 vilivyotawanyika katika nchi zaidi ya 40. Programu zenyewe, yaani ROOT ya kuchambulia, Geant4 ya kuigia vigunduzi, Pythia na MadGraph za kuigia migongano, zinapakuliwa bure. Hakuna anayetarajia mwombaji aje na mashine yake, kama vile hakuna hospitali inayomtaka mwanafunzi wa udaktari aje na chumba chake cha upasuaji.

Lakini hoja nzito zaidi haihusu nani anamiliki mashine. Inahusu kile ambacho ukubwa wa mashine unaweza kukupa, nacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya fani hii husimama juu ya mbinu ya Monte Carlo, yaani kukokotoa kwa kuchota sampuli za kubahatisha. Sampuli 10,000 zinakupa kosa la kiasi cha asilimia 1. Ukitaka kulipunguza mara 10, huhitaji sampuli mara 10 zaidi. Unahitaji mara 100, yaani 1,000,000, kwa sababu kosa hupungua kulingana na kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Igeuze hesabu hiyo uone: aliyenunua mashine yenye kasi mara 10 kuliko yako atakushinda usahihi kwa mara 3 na kidogo tu, tena mkiwa mmetumia mbinu ile ile. Na hapo tumechukulia kwamba kila sampuli haitegemei iliyotangulia, jambo ambalo katika uigaji halisi si kweli. Hali mpya hujengwa kwa kuibadilisha kidogo hali ya zamani, kwa hiyo sampuli mbili zinazofuatana hufanana kama pacha, na mwenye kuzihesabu kuwa ni mbili anajidanganya. Chukua kielelezo cha Ising, kile cha visumaku vidogo vilivyopangwa kwenye miraba, chenye visumaku 100 kila upande. Kwenye joto ambapo usumaku unakaribia kuvunjika, ukigeuza kisumaku kimoja kimoja utahitaji kupitia miraba yote mara 10,000 na zaidi kabla ya kupata sampuli moja iliyo mpya kweli. Mwaka 1987 Robert Swendsen na Jian-Sheng Wang walionyesha jinsi ya kugeuza mafungu mazima ya visumaku kwa pamoja, na idadi hiyo ikashuka hadi mara chache tu. Hakuna duka linalouza kompyuta yenye faida ya namna hiyo.

Atakayesema huo ni mfano wa darasani na autazame ukuta wa Berlin. Mwaka 1974 Kenneth Wilson alipendekeza nguvu inayozifunga kwaki ndani ya protoni ikokotolewe kwenye kimia: nafasi na wakati vinakatwa kuwa vifundo kama vya wavu, na milinganyo inaandikwa kwenye vifundo hivyo. Tatizo likawa kwaki nyepesi. Kadiri unavyozipunguzia uzito ili zifanane na za ulimwengu halisi, ndivyo gharama ya hesabu inavyopaa. Kwenye mkutano wa mwaka 2001 mjini Berlin, Akira Ukawa aliwasilisha makadirio yaliyoonyesha kwamba kufikia uzito halisi kungehitaji uwezo wa kompyuta usioshikika, na mchoro wa gharama zile ukabatizwa jina la Ukuta wa Berlin. Ukuta huo uliporomoka ndani ya miaka michache. Watu kama Martin Hasenbusch na Martin Lüscher walipata njia za kuivunja hesabu ngumu vipande vipande, kila kipande kikaendeshwa kwa hatua ya kiasi chake. Kufikia 2008 kundi la watafiti wa Ulaya lilikuwa limechapisha uzito wa protoni na wenzake ukiwa umekokotolewa kutoka kwenye nadharia kwa kosa la asilimia chache. Kompyuta nazo zilikua katika miaka hiyo, sikatai. Ukuaji huo ulikuwa unatarajiwa. Ambacho hakikutarajiwa ni kushuka kwa gharama ya hesabu yenyewe, na hilo lilitokana na kichwa, kalamu na karatasi. Msimamizi mzuri anatafuta mtu wa kupata njia inayofuata ya namna hiyo.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la akili unde: kwamba enzi imebadilika, na sasa bila kadi za michoro huwezi kufanya lolote. Ni kweli kadi hizo zimeingia ndani kabisa ya fani. Tangu 2022 jaribio la LHCb huchuja migongano yake kwa hatua ya kwanza kwenye kadi za michoro pekee. Jaribio la ATLAS limeingiza mitandao ya neva ndani ya uigaji wake wa haraka, na sababu yake inaeleweka ukiifuata elektroni moja inapoingia kwenye kigunduzi: inatema fotoni, fotoni inazaa jozi ya elektroni na pozitroni, hizo nazo zinatema fotoni, hadi inakuwa manyunyu ya maelfu ya chembe, na Geant4 hufuata kila moja hatua kwa hatua. Kazi hiyo hula sehemu kubwa ya muda wa kompyuta wa majaribio haya. LHC iliyoboreshwa inatarajiwa kuanza kazi mwaka 2030 au karibu na hapo, na kila mafungu mawili ya protoni yatakapopishana kutakuwa na migongano 140 hadi 200, wakati leo ni kama 60. Fedha za kununulia mashine haziwezi kuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo uhaba wa mashine unaowatisha waombaji ndio huo huo unaowafanya wasimamizi watangaze nafasi: wanataka watu watakaopata jibu lile lile kwa mashine chache. Kadi za kufanyia kazi hiyo zipo kwenye seva za kundi, na za kujifunzia hupatikana bure mtandaoni kwa saa kadhaa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na silipuuzi. Umeme unakatika, vifurushi vya intaneti ni ghali, na waliokubaliwa wengi wanatoka vyuo vyenye kompyuta kuu. Lakini vyuo hivyo vina pia walimu wanaosoma msimbo wa mwanafunzi mstari kwa mstari na kuandika barua za kumweleza. Kompyuta na mwalimu vimekaa nyumba moja, na watu wanaipa kompyuta sifa za mwalimu. Data nazo haziwezi tena kuwa kisingizio. Jaribio la CMS lilianza kufungua data zake kwa umma mwaka 2014, na ATLAS ilifungua terabaiti 65 mwaka 2024. Huhitaji zote, kipande cha gigabaiti chache kinatosha miezi ya kazi. Hata bila data hizo unacho kielelezo cha Ising, ambacho Lars Onsager alikitatua kikamilifu mwaka 1944. Jibu la joto lake la mpito linajulikana, ni takriban 2.269. Andika uigaji wako kwenye laptopu kuukuu yenye gigabaiti 4, uendeshe kwa pande 16, 32 na 64, onyesha jinsi jibu linavyosogea kadiri miraba inavyoongezeka, na weka kosa lililohesabiwa kwa kuzingatia sampuli zinazofanana. Anayeandika 2.27 bila kosa hajanionyesha kitu. Anayeandika 2.27 na kosa lake, na akaeleza kwa nini kosa lake la kwanza lilikuwa dogo mno, amenionyesha kwamba anaweza kufundishika.

Sasa njia zenyewe, kwa haraka. Usiiandikie CERN kuomba shahada, kwa sababu haitoi shahada. Mpango wake wa uzamivu humlipa aliyekwisha kusajiliwa chuoni, hulenga fizikia tumizi, uhandisi na kompyuta, na hupendelea raia wa nchi wanachama. Aliye Afrika Mashariki aanze na Kigali, kwenye taasisi ya utafiti wa msingi iliyofunguliwa 2018 chini ya mwavuli wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. ICTP yenyewe, huko Trieste, Italia, ina stashahada ya mwaka mmoja isiyo na ada, daraja zuri kwa ambaye msingi wake wa nadharia haujakaa sawa. Afrika Kusini ina mpango wake na CERN tangu 2008 na kompyuta yake kuu mjini Cape Town. Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza 2010, ni mahali pa kukutana na wasimamizi ana kwa ana. Ulaya, hasa Ujerumani na Uholanzi, uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mkataba na mshahara, na matangazo huwekwa kwenye ukurasa wa ajira wa INSPIRE, hifadhidata ya machapisho ya fizikia ya chembe. Wengi watakutaka uwe na shahada ya uzamili. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, hupokea raia wa nchi yoyote, ila usiwe umeishi katika nchi inayokuajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Marekani unaweza kuomba ukiwa na shahada ya kwanza. Milango mingi hufungwa Desemba au mapema Januari, ada na posho hulipwa kwa kazi ya kufundisha au utafiti, na msamaha wa ada ya maombi uombwe kwa maandishi kabla ya kulipa. Dalali asilipwe hata senti. Barua kwa msimamizi iwe aya mbili, itaje makala yake moja uliyoisoma na swali moja uliloshindwa kulijibu, na mwishoni weka kiungo cha msimbo wako, ukiwa umeujaribu kwanza kwenye kompyuta ya mtu mwingine ili uhakikishe unaendeshwa.