Manamba wa Karne Hii na Kura Wanayoiogopa

Kila uchaguzi wa Uingereza unapokaribia, swali lilelile huzunguka kwenye magrupu ya watu wa Morogoro walioko huko: mwenye viza akijiandikisha kupiga kura, si atakuwa ameharibu viza yake? Wengi hujijibu wenyewe kwamba ndiyo, wakanyamaza. Chanzo cha hofu ni sentensi moja ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya huko, kwamba mwenye viza hana haki ya fedha za umma, sentensi iliyoandikwa kana kwamba shabaha yake ilikuwa kumchanganya msomaji. Katika sheria ya uhamiaji, "fedha za umma" ni orodha maalumu ya misaada: nyongeza ya kipato, posho ya watoto, msaada wa kodi ya nyumba, nyumba za halmashauri na mingine ya aina hiyo. Matibabu ya huduma ya afya ya taifa, NHS, hayamo. Shule ya serikali ya mtoto haimo. Kura nayo haimo, maana kura si msaada. Mtanzania ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na raia wa Jumuiya hiyo anayeishi Uingereza kwa kibali halali, awe mwanafunzi au mlezi wa wazee, anaruhusiwa kuchagua diwani na mbunge. Mpolandi aliyekaa huko miaka ishirini hamchagui mbunge mpaka achukue uraia. Sisi tunao mlango ambao wenzetu wamefungiwa, na tunaupita tukiinamisha macho.

Wenyeji wanaopiga kura wanajua wanataka nini. Katika mji wa Boston, Lincolnshire, ambako vibarua wa mashambani walimiminika kutoka Ulaya Mashariki, zaidi ya asilimia 75 ya waliopiga kura ya maoni ya Juni 2016 walitaka nchi ijitoe Umoja wa Ulaya. Julai 2024, jimbo la Boston na Skegness likawa moja ya majimbo matano yaliyochukuliwa na Reform, chama kinachopinga uhamiaji. Ni rahisi kusema ni ubaguzi mtupu, na ubaguzi upo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Uingereza tabaka hurithiwa kama ukoo: fundi bomba mwenye nyumba mbili bado atakwambia yeye ni wa tabaka la wafanyakazi, kwa sababu baba yake alikuwa mchimba makaa. Mtu huyo ameona zahanati ikijaa, nyumba za halmashauri zikiadimika, kiwanda kikifungwa. Akitazama nje anamwona mgeni, na mwanasiasa anamwambia: huyo ndiye aliyekula fungu lako.

Anayetoka Morogoro angepaswa kuutambua mapema mpangilio unaomleta mgeni huyo. Mashamba ya mkonge ya Kimamba, Kilosa na Ngerengere hayakupata wafanyakazi wa kutosha kutoka jirani. Mluguru mwenye shamba lake mlimani hakuona sababu ya kushuka kukata mkonge kwa ujira ule. Wenye mashamba hawakupandisha ujira mpaka ashawishike, walikwenda mbali. Mwaka 1944 wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na manamba wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, kila mmoja na kipande chake cha kuhesabia siku za kazi. Sasa soma viza ya walezi. Waingereza walizikimbia kazi za nyumba za wazee kwa sababu ya mshahara. Februari 2022 mlango ukafunguliwa kwa walezi kutoka nje. Machi 2024 wakakatazwa kuja na familia. Julai 2025 mlango ukafungwa kwa wanaotoka nje ya nchi. Cheti cha udhamini wa mwajiri ndicho kipande cha leo: mwajiri akinyang'anywa leseni, mlezi anahesabu siku za kutafuta mdhamini mwingine. Mtu aliyekuwa mwalimu au karani Morogoro husema huko "anabeba maboksi" kwa muda tu, kwamba hayumo katika tabaka lolote la huko. Yumo, tena ngazi ya chini kabisa.

Atakayepinga atasema: lakini watu wakiongezeka, foleni ya daktari si inarefuka? Inarefuka, hasa pale wageni wengi wanapofikia mji mmoja kwa muda mfupi, na asiyekubali hilo hatasikilizwa na jirani yake Mwingereza. Swali ni pesa ya kuipunguza foleni iko wapi. Mwenye viza ya mwenza wa ndoa hulipa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, na huilipa yote kabla hajapanda ndege: pauni 3,105 kwa viza ya miezi 33. Akianza kazi anakatwa kodi na bima ya taifa sawa na kila mtu. Mwaka 2018 kamati ya serikali yenyewe inayoshauri kuhusu uhamiaji iliona kwamba wahamiaji wa Ulaya walichangia huduma za afya na malezi, kwa fedha na kwa kazi, zaidi ya walichotumia. Na nyumba za halmashauri hazikuchukuliwa na wageni. Tangu sheria ya nyumba ya 1980 karibu milioni mbili ziliuzwa kwa wapangaji wenyewe, na zilizojengwa kuziba pengo ni chache mno. Pesa inaingia Hazina. Uamuzi wa kutojenga zahanati hufanywa na watu waliochaguliwa.

Mazimbu, hapo hapo Morogoro, inaonyesha upande wa pili. Wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walipewa shamba la mkonge lililotelekezwa, wakajenga chuo cha Solomon Mahlangu na hospitali, na mwaka 1992 wakaviacha kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kweli, misaada ya nje ilikuwa mikubwa, na wahamiaji wa kawaida hawaji na wafadhili. Lakini ndiyo hoja yenyewe: wageni walikuja na majengo yakaongezeka, kwa kuwa kuna aliyeamua fedha ziende kwenye majengo.

Wapo pia wanaosema mgeni hastahili kuingilia siasa za wenyeji. Heshima hiyo ni nzuri ugenini kwa wiki mbili. Waraka wa serikali wa Mei 2025 ulipendekeza miaka ya kungojea ukaazi wa kudumu iwe 10 badala ya 5, na wanaoamua mambo kama hayo huhesabu kura, hawahesabu waliokaa kimya kwa adabu.

Basi jiandikishe, ila uwe macho. Kwenye swali la uraia andika Tanzania. Kuandika Mwingereza ilhali sivyo ni kosa la jinai, na hapo ndipo utakapoiharibu viza kweli. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya kura, na ukihama nyumba unaanza upya. Kituoni utaombwa kitambulisho chenye picha, na eVisa iliyo kwenye simu haikubaliki, wala picha ya pasipoti. Beba pasipoti yenyewe ya Tanzania. Hata ikiwa imekwisha muda inafaa, mradi sura iliyomo bado ni yako.