Jiko la mkaa bandani: Joto la vifaranga lisigeuke sumu

MIEZI ya Juni na Julai ndiyo migumu zaidi kwa wanaolea vifaranga mkoani Dodoma. Mji huu upo zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kipupwe joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 15, huku upepo ukivuma kwa nguvu.

Hata hivyo, soko halisubiri msimu. Eneo la Chimwaga, ambako Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, lina maelfu ya wanafunzi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu nao wameongezeka. Mama lishe na wauza chipsi wanahitaji kuku na mayai mwaka mzima, hivyo mfugaji hulazimika kuingiza vifaranga hata wakati wa baridi.

Kifaranga mchanga hawezi kujitunzia joto. Katika wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa nyuzi mbili hadi tatu kila wiki mpaka aote manyoya. Kwa asiye na umeme, au anayehofia kukatika kwake, tegemeo ni jiko la mkaa.

Hatari huanza pale mfugaji anapoziba madirisha kwa magunia, akafunga mlango na kufunika makaa kwa majivu ili yafike asubuhi. Makaa yanayokosa hewa ya kutosha hutoa kwa wingi hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Vifaranga husinzia na kufa, na mtu aliyelala humo kuwalinda anaweza asiamke.

Wengi hudhani kuwa mkaa ukishakolea na moshi kuisha, hakuna tena madhara. Si kweli. Kuwasha jiko nje mpaka moshi uishe ni jambo jema, lakini makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa sumu hiyo.

Watu wa nchi za baridi huota moto wa kuni ndani ya nyumba, katika meko ya ukutani yenye milango ya kioo. Mlango ule huzuia cheche zisirukie sakafuni, na haukuwekwa kuunyima moto hewa. Hewa huingia kwa matundu ya chini, moshi hutoka kwa dohani, na dohani haifungwi mpaka kaa la mwisho lizimike. Jiko la mkaa halina dohani, kwa hiyo banda lenyewe lazima liwe na njia ya kutoa hewa chafu.

Namna ya kufanya

Turubai la kuzuia upepo lifungwe kuanzia chini kwenda juu, na nafasi iachwe wazi chini ya paa katika pande mbili zinazotazamana. Hivyo upepo hauwapigi vifaranga, na hewa chafu yenye joto hupanda na kutoka.

Ili joto lisipotee, punguza eneo badala ya kuziba banda. Zungushia vifaranga duara la kadibodi au bati, na uwaongezee nafasi kadiri wanavyokua.

Jiko liwekwe juu ya matofali, mbali na maranda, na lizungushiwe wavu wa waya. Cheche moja kwenye maranda makavu inatosha kuteketeza banda zima.

Vifaranga wenyewe ni kipimo kizuri. Wakijikusanya karibu na jiko, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta, joto limezidi. Wakirundikana upande mmoja, upepo unawapiga. Wakitawanyika na kula, mambo ni sawa. Wakisinzia wote na kulegea ilhali joto linatosha, fungua mlango mara moja na utoe jiko nje.

Mwenye uwezo anaweza kujenga jiko ambalo mdomo wake uko nje ya ukuta. Joto hupita ndani kwa bomba la bati lisilovuja, na moshi hutokea juu ya paa. Gharama za kuanzia ni kubwa, lakini sumu haiingii bandani.

Mtu yeyote asilale chumba kimoja na jiko linalowaka. Anayehudumia vifaranga usiku akiumwa kichwa, akasikia kizunguzungu au kichefuchefu, atoke nje kwenye hewa safi na apelekwe hospitali, hata kama anadhani ni uchovu tu.

Mfugaji anayeziba kila tundu hujiona ameokoa mkaa wa usiku mmoja, lakini anaweza kupoteza fedha za vifaranga, chakula na chanjo kwa pamoja, na pengine uhai wake.